Magugu ya Kung'olewa na Wageni

Mama Paskazia ana miaka sitini na mitatu, anauza dagaa Buzuruga, na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni huingia ziwani mpaka magotini kutoa magugu maji. Hana fulana ya kazi hiyo, hana katiba wala mhuri. Ana fimbo moja tu, ya kuwafukuzia wenye makokoro, zile nyavu haramu za kukokota mpaka chini. Kwenye kipande chake cha ufukwe, katikati ya mawe ya kwetu Ilemela, sato huchimba vishimo mchangani na kuzalia humo. Marehemu mumewe, mvuvi, ndiye aliyemwonyesha vishimo hivyo, na tangu tumzike, miaka tisa sasa, mama huyu hajamruhusu mtu avikanyage. Watu walisema ana kichaa kidogo. Mimi pia nilisema.

Sisi wenye akili tulikuwa na chama. Walinzi wa Ziwa: wanachama arobaini wa kujitolea, mwenyekiti Kashindye, katibu mimi, Malimi. Tulikuwa hodari sana wa kulinda ziwa tukiwa tumekaa. Miaka miwili tulililinda ukumbini, kwa semina na soda baridi, na hakuna aliyelowa hata kidole.

Kisha wafadhili wakaandika kwamba wanakuja kutuona kazini. Homa ikatupata. Kashindye akachagua ufukwe wa Mama Paskazia kwa sababu gari linafika mpaka majini. Siku mbili kabla ya ugeni tukaenda kukagua. Mama mwenyewe alikuwa Misungwi msibani. Maji yalikuwa safi, mchanga wa chini unauona.

"Mbona hamna magugu?" Kashindye aliuliza, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Mama Paskazia ameyatoa, mwenyekiti."

"Sasa wageni watang'oa nini?"

Tukafanya kikao palepale juu ya jiwe. Muhtasari ninao, niliuandika kwa mkono wangu: ajenda ya kwanza, kufungua kikao, ajenda ya pili, upatikanaji wa magugu. Mtumbwi ukaenda nyuma ya mawe mara nne, ukarudi umejaa, tukayamwaga na kuyatandaza. Hakuna aliyecheka. Winnie, mweka hazina, akashauri tuongeze kidogo upande wa kulia ili picha ipendeze.

Jumamosi wageni wakaja, wakavalishwa mabuti. Nasi arobaini, ndani ya fulana za kijani, tukaingia majini pamoja nao kwa vifijo. Ndipo Mama Paskazia akatokea, bado amejifunga kitenge cha msibani. Akatazama magugu, akatazama mabuti yetu, akaingia ziwani na nguo zake zote.

"Mama, kaa pembeni kidogo, huna fulana," Winnie alimwambia.

"Tokeni! Haya magugu mmeyaleta ninyi! Mnakanyaga mazalia, mnaua samaki!"

Mkuu wa wageni akaniuliza mama huyo anasema nini. Katika chama chote, mwenye Kiingereza cha kueleweka nilikuwa mimi. Kashindye akanikazia macho. Nikamjibu mgeni kwamba anasema asanteni sana kwa kuja, Mungu awabariki. Mgeni akaguswa, akamkumbatia Mama Paskazia palepale majini. Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye kalenda ya chama.

Baada ya dakika ishirini wageni wakachoka, tukaenda kula pilau. Magugu mengi yalibaki. Mwezi uliofuata ikaja barua: kwa kuwa hali ya ufukwe ule ni mbaya sana, umechaguliwa kuwa eneo la mradi. Kashindye alicheza ofisini peke yake, bila muziki.

Jana nilipita pale. Magugu yamefunika mpaka kwenye mawe. Mama Paskazia alikuwa majini, ameinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Vishimo vipo?"

"Hakuna hata kimoja. Sato wamehama."

Niliona aibu, tena aibu kubwa, lakini haikutosha kunifanya niseme kweli.

"Malimi mwanangu," akasema, akinyoosha mgongo, "siku ile, wale wageni uliwaambia nilichosema?"

"Niliwaambia, mama."

"Wakasemaje?"

"Wamesema watarudi. Kila mwaka, kwa miaka mitatu."