Siku Niliyohesabiwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu watu hawakuhesabiwa. Mgeni akimuuliza bibi ana wajukuu wangapi, bibi alijibu, "Wapo," kisha akageuza maneno yakawa ya mvua. Hata ng'ombe baba hakuwahesabu. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi akawatazama wakiingia, na kama mmoja hayupo alimjua kwa rangi na kwa pembe, siyo kwa idadi. Ukinyoosha kidole na kuanza moja, mbili, bibi alikuchapa mkono. Kidole kinachohesabu, alisema, kinamwonyesha kifo njia.

Siwacheki watu wa zamani. Bibi alikuwa na sababu yake. Enzi za mkoloni, akiwa bado mama kijana, walikuja watu wa kodi wakawapanga watu wa nyumba yake uani, wakawahesabu, wakaenda zao. Mwaka ule haujaisha akawa amezika watoto wawili. Sasa mwambie mtu huyo kwamba kuhesabu ni namba tu!

Mimi ni mlemavu wa miguu. Nalisema mapema tusije tukasumbuana. Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kutembea nikashikwa na homa, homa ikaondoka na miguu yangu. Nikabaki kutambaa. Mama alinikatia makatambuga, vile viatu vya tairi la gari, akanifunga mikononi ili viganja visichubuke. Na nilikuwa na mbio, bwana! Ndani ya nyumba hata kaka yangu Selemani hakunipata.

Ndani ya nyumba, maana nje sikutoka. Tulikaa upande wa Mungaa, katika tembe, zile nyumba zetu za paa bapa la udongo zenye chumba cha ndani cha giza wanamolala ndama. Huko ndiko kulikuwa kwangu. Mgeni akipiga hodi nilijua la kufanya. Nilijibanza nyuma ya kilindo, lile pipa la gome la mti la kuwekea uwele, nikanyamaza mpaka aende. Watu wa zahanati hawakubali "wapo", wanataka namba. Kwao mama alisema ana watoto wawili: Selemani, na mdogo wetu Rama. Bibi alisonya kusikia wametajwa wawili, lakini alijifariji kwa sababu mimi sikutajwa. Alikuwa na imani yake, kwamba hesabu ya nyumba isipotimia haiui. Maadamu kuna mmoja aliyebaki nje ya hesabu, wote wako salama. Huyo mmoja nilikuwa mimi.

Hadi leo sijui kama nilifichwa kwa kupendwa au kwa kuonewa aibu. Baba alikuwa na aibu, hilo nalijua, maana hakuwa akinitazama usoni. Bibi alikuwa na hofu. Mama alikuwa mke katika nyumba ya watu, akafanya alivyoambiwa.

Ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Tukaambiwa tukakae pamoja kando ya barabara, nyumba kwa nyumba, ili tupate shule na maji na tulime shamba la ujamaa. Lori likaja. Mimi nilipakiwa katikati ya ndama, nikafunikwa ngozi ya ng'ombe, na nikashushwa hivyo hivyo jua likiwa limezama. Kijiji kipya kilikuwa na vibanda vya nyasi vilivyopangwa mstari mnyoofu, kila kimoja chumba kimoja, na jirani akikohoa kwake unamwambia pole ukiwa kwako. Utamficha nani humo? Kila mtu alijua kwamba kwetu kuna mtoto wa ndani, na hakuna aliyesema. Nilikuwa siri ya kijiji kizima.

Kisha mvua zikakata. Uwele ulichomoza ukakauka ukiwa wa magotini. Tukala akiba, tukala mlenda mkavu bila ugali, baba akauza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Serikali ikaleta mahindi ya njano, yale yaliyoitwa yanga, na yakagawiwa kwa vichwa, kila kichwa makopo yake. Kila balozi wa nyumba kumi alipanga watu wake uwanjani, akawagusa bega kwa fimbo mmoja mmoja huku akitaja namba, ili mtu asije akasema ana kumi kumbe ana wanne. Bibi alikwenda, kwa maana njaa haina mwenyewe. Alifumba macho fimbo ilipomgusa. Wakahesabiwa watano: baba, bibi, mama, Selemani, Rama.

Tukala sita. Mama alikuwa anasema ameshiba kabla hajakaa. Mwezi haukuisha mifupa ya mabega yake ikawa inaonekana chini ya kanga, na siku moja alianguka na ndoo ya maji mlangoni kwetu. Aliamka akajifuta, akatuangalia sote.

Siku ya mgao wa pili alichutama mbele yangu akanipa mgongo.

"Panda."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Selemani, unakwenda naye wapi huyo?"

"Kwenye mgao, mama."

"Ukimpeleka, hesabu inatimia. Ikitimia, mmoja wetu anapungua. Nimekwambia mbele ya mumeo."

"Njaa imeshatuhesabu, mama. Na huyu haikumruka."

Bibi akampisha. Nikatoka nje mchana kweupe juu ya mgongo wa mama, machozi yakinitoka kwa mwanga. Nilikuwa sijui kwamba watu ni wengi kiasi kile. Upepo ulikuwa unatimua vumbi, mawe makubwa kama yaliyojaa kwetu yamekaa nyuma ya kijiji, na watu wote wamegeuza shingo kunitazama. Rama alikuwa ameshika kanga ya mama, ananionyesha vitu: yule mbuzi wa fulani, ile ndiyo shule.

Balozi wetu aliitwa mzee Athumani, mtu mrefu, mpole, asiyependa fujo. Akaja na fimbo yake. Baba, moja. Bibi, mbili. Mama, tatu. Selemani, nne. Rama, tano. Akawa anapita. Mama akageuka akampa mgongo wake, na mimi nikiwa juu yake.

"Na huyu."

"Huyu ni nani?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Mwanangu."

"Loo! Tangu lini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Tangu nilipomzaa, Balozi."

"Mama Selemani, sisi tunajua una wawili. Leo mahindi yamekuzalia wa tatu?"

Mtu mmoja akapaza sauti nyuma, jirani yetu, aliyekuwa na mtoto mchanga. "Asiyefanya kazi na asile! Huyo atalima nini?"

Mama hakuwa mtu wa maneno. Lakini siku ile alijibu, na nilihisi sauti ikipita mgongoni mwake kabla haijatoka. "Na hicho kitoto chako cha juzi, shemeji, kinalima heka ngapi? Mbona kimehesabiwa?"

Kicheko kikahamia upande wa pili. Baba alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Balozi alikuwa ameinua fimbo, imebaki hewani, hajui aishushe wapi. Mimi nilikuwa nimefundishwa adabu moja tu inayohusu watu wa nje, nayo ni kwamba mkubwa husalimiwa. Sikuwahi kupata mkubwa wa nje wa kumsalimia. Nikaona ndiye huyu.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba," akajibu.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Kwetu shikamoo haiachwi ikining'inia. Hata ukiwa na hasira, hata ukiwa mgonjwa, utaitikia. Na mtu uliyemwitikia mbele ya kijiji huwezi tena kusema hayupo. Mzee Athumani alinitazama, akatazama watu, akashusha fimbo begani kwangu taratibu.

"Sita."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi. Usiku ule tulikula wote, mama naye akala, na Rama akanipanda mgongoni nikamzungusha kibandani kama punda wake, kama tulivyozoea, mpaka bibi akatukemea tulale.

Haukupita muda surua ikaingia kijijini. Tulikuwa tumekaa karibu karibu, ikawa inatoka kibanda hiki inaingia kile. Selemani aliugua akapona. Mimi nilikuwa nimeugua nikiwa mdogo. Rama macho yalivimba, kifua kikabana. Bibi alimpaka dawa zake, mama akambeba kwa mbeleko kumpeleka zahanati, mwendo wa kutwa. Kesho yake jioni nilikuwa nimekaa mlangoni, maana sasa nilikuwa nakaa mlangoni, nikamwona anarudi naye mgongoni. Mama aliyebeba mtoto huwa anampigapiga matako akitembea. Mikono ya mama ilikuwa inaning'inia tu. Nikajua.

Sikulia. Watu walijaa, wanawake wakawa wanaimba na kulia, na mimi nilikuwa namtazama kuku anachakura pale walipomwaga maji ya kumwoshea. Nilipewa uji nikanywa ukaisha. Nilisikia walivyokuwa wakinong'ona: hesabu imetimia. Mwingine akasema, kambadilisha mwenzie. Sikuona uchungu wala hasira. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini haukubaliani nawe. Kwa kweli sehemu kubwa ya mkono ule haijaamka mpaka leo, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilimsubiri bibi aseme. Bibi, ambaye alikuwa hawezi kuacha kukukumbusha jambo alilokuonya hata kama ni kumwaga maziwa, hakusema kitu. Matanga yakaisha, hakusema. Alikuwa anakaa karibu na moto, mikono mapajani.

Ukaja mgao wa tatu. Asubuhi ile nilijikokota mwenyewe nikaingia nyuma ya ngozi iliyotundikwa ukutani, mahali palipofanana na nyuma ya kilindo. Niliona mambo yamerudi yalipokuwa. Mama akaja akaifunua ngozi, akachutama, akanipa mgongo.

"Panda."

"Mama, niache."

"Panda, Hadija."

Nikapanda. Mbeleko ilikuwa ile ile iliyomrudisha Rama, hatukuwa na nyingine. Mama akajaribu kufunga fundo kifuani, likateleza. Akajaribu tena, likateleza. Nikaona bibi anainuka motoni, anakuja. Nilijua anakuja kunishusha, nikajiandaa kushuka. Akazishika ncha za mbeleko, akafunga fundo, akalivuta mara mbili kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

"Twendeni," akasema. "Jua linapanda."

Uwanjani hakuna aliyecheka. Mzee Athumani akaja na fimbo. Baba, moja. Bibi, mbili, na safari hii macho yake yalikuwa wazi. Mama, tatu. Selemani, nne. Mimi, tano. Akainua fimbo tena, kama anatafuta bega jingine, kisha akaishusha. Tano, kama mgao wa kwanza. Tulipimiwa makopo yale yale ya mwanzo tukarudi nyumbani.

Nimeishi sana baada ya hapo. Nilipata magongo, nikasoma shule ile aliyonionyesha Rama, nikaolewa, nikazaa. Sasa niko katika chama chetu cha watu wenye ulemavu, na kazi yangu ni kupita nyumba hadi nyumba, vijiji vya Ikungi, kuuliza nani yuko ndani asiyekwenda shule, asiyekwenda hospitali. Wazee bado wananijibu, "Wapo." Vijana tunaofuatana nao wanakasirika, wanataka kuwaeleza kwamba hizo ni imani potofu, kwamba hesabu haijaua mtu. Mimi simwambii mtu hivyo. Najua kwamba surua ndiyo iliyomuua Rama, nimesoma, siyo mjinga. Lakini mdomo wangu unakataa kuapa. Nawaambia tu kwamba njaa inahesabu, na maradhi yanahesabu, wala hayaombi ruhusa. Kisha nakaa. Nikiona wananizungusha, nageukia chumba cha ndani nasalimu kwa sauti kubwa. Mara nyingine chumba kinaitikia.

Mama sikuwahi kumuuliza kama alijuta. Nilikuwa naogopa jibu lolote kati ya yale mawili. Miaka yake ya mwisho nilimpeleka hospitali, na nesi, binti mdogo mwenye haraka, alikuwa anamwuliza maswali.

"Bibi, umezaa watoto wangapi?"

"Watatu."

"Walio hai ni wangapi?"

"Nimekwambia watatu."

Nesi akaniangalia mimi niliyesimama pale na magongo yangu. Nikamwambia aandike watatu.