Mkono wa Hamisa

Hamisa alikuwa msusi wa Mtoni ambaye wateja walimfuata hata kutoka Kawe, maana mistari yake ya twende kilioni ilinyooka kama imepigwa rula. Siku kioo cha dirisha kilipomkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, zahanati moja ilimshona ngozi na kumwambia atapona. Hakuna aliyemuuliza kama vidole vinahisi.

Kidonda kilifunga. Kidole kidogo na cha pete vikabaki na ganzi, kisha vikaanza kujikunja kama kucha za kuku aliyechinjwa. Akiwa anakula, macho yakitua kwenye mkono huo, alisukuma sahani.

Ila alikichukia kidole kidogo hasa siku alipokuwa anachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto.

"Dada, mkono wako!" mteja aliruka.

Kidole kidogo kilikuwa ndani ya beseni muda wote. Hakikuuma. Ngozi yake ilibanduka, ikaelea juu ya maji kama utando wa maziwa. Mteja aliondoka kichwa kikiwa nusu, kaziba mdomo.

Kwa kukata tamaa Hamisa akaenda kwa Shomari, muuza dawa wa mtaani.

"Mishipa imelala tu, sista. Mie naiamsha."

Akampaka mafuta meusi yanayonuka kama samaki waliosahaulika juani, juu ya nyama mbichi, kisha akafunga kwa kipande cha ngozi ya mbuzi. "Usifungue siku saba."

Harufu ilimfukuza hata mumewe, Mwinshehe, akahamia sebuleni. Siku ya tano Hamisa aliona kitu cheupe kikichungulia pembeni mwa ile ngozi, kinajinyonganyonga. Funza. Walikuwa wanakula kidole chake na yeye hana habari! Akatapika palepale, na kilichomtapisha zaidi ni kwamba alilipa mwenyewe afanyiwe vile.

Mwinshehe alimkimbiza hospitali. Daktari wa upasuaji, Gladness, alisafisha uozo wote bila kukunja uso. Hamisa ndiye aliyegeukia ukutani, akimsimulia maneno ya Shomari.

"Neva haikulala, dada. Imekatika. Umepakwa uchafu bure."

"Itaota, daktari?"

"Ikipata njia. Kidonda kikipona, tutachukua neva ndogo nyuma ya mguu tuzibe pengo. Nyuzi mpya zitapita humo, kama milimita moja kwa siku. Pembeni mwa mguu utabaki na ganzi kidogo. Na mkono hautarudi wote."

Alifanyiwa upasuaji. Ikafuata miezi ya kifaa cha kunyoosha vidole na mazoezi, na sisimizi wasioonekana wakitembea mkononi mpaka alitamani kuukwangua.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji alikuwa jikoni anasafisha ngisi. Ghafla kitu baridi chenye utelezi kilimgusa kidole kidogo. "Ebo! Kinyaa gani hiki!" Akamrusha ngisi sakafuni. Kisha akamwokota, akajipaka tena ule utelezi taratibu, uso umekunjamana, machozi yanamtoka.

Sasa anasuka mistari minene tu. Ile myembamba vidole vinakataa. Nyama kati ya gumba na kidole cha shahada, iliyosinyaa tangu neva ikatike, bado imebonyea, naye bado hapendi kuitazama.