Mlango wa Chumba cha Boila

Kinasa sauti kilikuwa kidogo kuliko kipande cha sabuni. Mama Pasi alikitia ndani ya foronya, foronya hiyo akaitia ndani ya nyingine, kisha akaisukuma chini kabisa ya rundo la shuka zilizokunjwa vizuri kiasi kwamba hakuna ambaye angethubutu kuzivuruga. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na aliyekuwa akifichwa kinasa hicho alikuwa mtu mmoja tu: binti wa Kicheko.

Mama Pasi alikuwa amefanya kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za hospitali kwa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa kwa sababu shuka iliyopita mikononi mwake haikubaki na mkunjo hata wa bahati mbaya. Kicheko alikuwa mwenzake kwenye pasi kubwa ya mvuke. Mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mtu na pembe zake mbili za shuka. Walikuwa chanda na pete. Kicheko alikuwa na mchezo wa kubisha hodi kwenye milango iliyo wazi. "Hodi wenye nyumba, mmeshavaa?" Hata msimamizi alikuwa akicheka kwanza, kisha ndipo anakumbuka kukasirika.

Siku bomba la boila, lile tangi la kutengenezea mvuke, lilipopasuka ilikuwa saa nne asubuhi. Kicheko alikuwa ameingia chumba cha boila kuanika sweta la shule la bintiye juu ya mabomba, jambo lililokatazwa na ambalo kila mtu alilifanya. Bomba likafyatuka. Mama Pasi, aliyekuwa hatua mbili kutoka mlangoni, akaufunga ule mlango wa chuma na kutia komeo, kama ilivyoandikwa juu yake kwa rangi nyekundu: MVUKE UKITOKA, FUNGA. Watu saba waliokuwa wakikunja nguo nje hawakuungua hata kidole. Ripoti ilisema marehemu alifariki papo hapo. Mama Pasi akapewa cheti cha ujasiri chenye fremu. Alikitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani, na tangu siku hiyo mlango huo hakuufunga tena.

Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alimchukua binti wa Kicheko kabla matanga hayajaisha, akamsomesha mwaka uliobaki, na binti akamwita ma'mdogo. Alipofika miaka kumi na tisa akaajiriwa palepale udobini, upande wa pasi uliokuwa wa mama yake. Mara kwa mara, akiwa anasuka nywele au anaosha vyombo, aliuliza bila kugeuka, "Ma'mdogo, mama aliumia?"

"Papo hapo, mwanangu. Hata hakujua."

Hilo ndilo lililokuwa likilindwa na zile foronya mbili.

Pasi yenyewe Mama Pasi hakuweza tena kuikaribia. Ikipumua mvuke, alijikuta chooni hajui amefikaje. Wakampeleka nyuma, kwenye foronya, na huko wenzake hawakuacha kumtania.

"Mama Pasi kashushwa cheo, sasa ni Mama Foronya," alisema mkunjaji mmoja mnene ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. "Chai mpaka ipoe ndiyo anaisogelea. Ikitoa moshi anaiamkia shikamoo."

Wakacheka. Binti akaachia pembe za shuka. "Wewe dada, kama si yeye saa hizi ungekuwa umeiva kama kiazi. Na kwa mwili huo ungelisha wodi nzima."

Wakacheka zaidi, na mkunjaji mnene akacheka kuliko wote.

Msimamizi ndiye aliyemwambia kuhusu utafiti. Kulikuwa na daktari wa akili, kijana, mpole, aliyetafuta watu waliopatwa na kiwewe zaidi ya mwaka mmoja nyuma. "Nenda. Ama urudi kwenye pasi, ama nikuandikie barua ya kustaafu."

Daktari alikuwa na chumba chenye viti viwili na saa ya ukutani. Akaeleza utaratibu: Mama Pasi atafumba macho na kusimulia siku ile kana kwamba inatokea sasa hivi, atarekodiwa, kisha kila siku nyumbani ataisikiliza sauti yake mwenyewe na kuandika kwenye fomu kiasi cha hofu yake, kuanzia sifuri hadi mia. "Hofu ukiikimbia inakufuata. Ukikaa nayo, inachoka kabla yako."

"Nani mwingine atasikia?"

"Hakuna. Kwetu wewe ni namba arobaini na moja."

"Heri. Namba haina majirani."

Mara tatu za kwanza alisimulia kama ripoti. Mara ya nne daktari akamsimamisha. "Kuna mahali unaruka. Ukifika mlangoni, unatokea mazishini."

Mama Pasi akashika kingo za kiti kwa mikono miwili. Kisha akasema, macho yamefumbwa:

"Natia komeo. Anabisha. Hapigi mlango, anabisha, vilevile anavyobisha siku zote. Anasema, Mama Pasi, ni mimi. Kana kwamba nimefunga kwa kutomjua. Nimeshika komeo kwa mikono miwili. Nasema, ngoja, shoga. Anasema, nangoja. Anabisha tena."

"Kwa muda gani?"

"Ripoti inasema papo hapo."

"Sikuulizi ripoti."

"Muda wa kukunja shuka sita."

Kalamu ya daktari haikusita. "Vizuri sana," alisema. "Turudie sehemu hiyo." Wakairudia mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya kwanza nyumbani alitapika kwenye beseni, akaandika tisini na tano. Alisikiliza saa tisa alasiri, akiwa ametoka zamu ya asubuhi na binti bado yuko kazini, amejifunika blanketi, vipokea sauti vimezama masikioni. Siku ya tano, tisini. Wiki ya tatu, sabini, na akashangaa kuona amesikiliza yote bila blanketi. Wiki ya nne alipita karibu na pasi, ikapumua, naye akasimama pale pale. Hakukimbilia chooni. Wiki ya tano, thelathini.

Daktari alifurahi kama mzazi. Namba arobaini na moja ilikuwa inashuka vizuri kuliko namba zote. Msimamizi akapanga arudi kwenye pasi Jumatatu ya wiki iliyofuata, na binti aliposikia alimkumbatia mbele ya watu. "Jumatatu tunashika shuka pamoja! Mama angebisha hodi siku nzima."

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo, vipokea sauti vilimwasha masikio, na isitoshe alihitaji mikono. Kifungo cha koti la kazi la binti kilikuwa kimeng'oka. Akakiweka kinasa sauti mezani, akafungulia sauti nje, akatunga uzi. Fomu ilikuwa kando, imeshajazwa. Hofu ilikuwa imechoka kweli, kama mtoto aliyelia mpaka akalala, na mtu aliyepona husahau vitu ambavyo mgonjwa hawezi kuvisahau. Alisahau kwamba maji ya hospitali hukatika, na maji yakikatika udobi hufungwa mapema.

Binti alifika na kusimama kwenye mlango uliokuwa wazi. Mezani sauti ya Mama Pasi ilikuwa ikisema, *anasema, nangoja. Anabisha tena.* Na Mama Pasi mwenyewe, ameinama juu ya koti, alikuwa akiimba kwa pua na kuvuta uzi.

Binti alisikiliza hadi mwisho. Akaingia, akachukua fomu.

"Tisini na tano," akasoma. "Tisini. Themanini. Hii ni nini?"

"Ni hofu yangu, mwanangu. Ni ya daktari, ni dawa..."

"Na hii ya leo? Kumi?"

Mama Pasi aliinamia koti tena. Sindano ilikuwa bado mkononi.

"Mama yangu anachemka hapo mezani, wewe unashona kifungo."

"Ningekwambia."

"Lini? Ikifika sifuri?"

Akachukua kinasa sauti, akachukua koti likiwa na sindano inayoning'inia, akaenda kupanga chumba kimoja na yule mkunjaji mnene.

Hakumwambia mtu. Jumatatu alikuwepo kwenye pasi, upande wake, macho makavu. Wenzake wakampigia Mama Pasi makofi. "Mama Foronya kapandishwa cheo!" Kabla ya kushika shuka ya kwanza, binti aligonga meza ya pasi kwa kifundo cha kidole, mara tatu, polepole.

"Ni mimi," akasema.

Wakaangua kicheko. "Damu haipotei! Kicheko mtupu!" Mkunjaji mnene alifuta machozi. Kabla ya shuka ya pili binti akabisha tena, na kabla ya ya tatu, na hivyo kila siku, shuka mia mbili kwa zamu. Nyumbani kwake hakukanyaga, njiani hakumwamkia. Alisema naye maneno hayo mawili tu.

Mama Pasi alishika pembe zake. Mvuke ulipanda usoni kwake na hakukimbia. Kila mara alijipima, kwa mazoea, na kila mara ilikuwa kumi. Alitamani ipande. Aliingoja ipande kama mtu anavyongoja mgeni aliyekawia, lakini daktari alikuwa ameifanya kazi yake barabara.

Kipimo cha mwisho kilikuwa mwisho wa mwezi, na kifaa kilitakiwa kurudishwa. Mama Pasi alimtumia binti ujumbe kupitia msimamizi. Daktari alikuwa amefika katikati ya dodoso, "Mwezi uliopita, umejihisi uko mbali na watu wako wa karibu?", mlango ulipobishwa mara tatu.

"Karibu," akasema daktari.

Binti alikuwa amekifunga kinasa sauti ndani ya foronya iliyopigwa pasi. Akakiweka mezani, lakini hakukiachia. "Daktari, yeye ilimchukua siku ngapi kufika kumi?"

"Kama arobaini hivi."

"Basi nami nipe arobaini. Mimi niko mia."

Daktari akamtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana. Utafiti huu ni wa watu walioshuhudia tukio wenyewe. Wewe hukuwepo."

"Kweli," binti akasema. "Mimi nilikuwa shuleni, nasubiri sweta."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtoto, "Basi niachieni hiki. Humo ndimo alimobaki."

Daktari akamgeukia Mama Pasi. "Rekodi ni yako. Ukitaka, nitamnakilia. La sivyo, huwa tunafuta, kwa usiri wenu."

Binti akamtazama Mama Pasi usoni, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. "Ma'mdogo," akasema.

Mama Pasi aliwaza udobi mzima umezunguka meza, unasikiliza. Aliwaza mkunjaji mnene ameacha kucheka. Aliwaza cheti. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja juu ya mwingine, imetulia kabisa.

"Futa," akasema.

Binti akaondoa mkono; daktari akakitoa kinasa sauti kwenye foronya, akabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka, kikazimika.

"Na hofu sasa hivi?" akauliza, kalamu tayari. "Sifuri hadi mia?"

"Tano."

Binti alikunja ile foronya tupu mara nne, bila mkunjo hata mmoja, akaiacha mezani. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu. Daktari alikuwa akiandika. Mama Pasi aliutazama mlango, akatega sikio kama atabisha.