Jezi Yangu Mgongoni mwa Mwingine

Kocha wetu alikuwa ameichezea timu ya taifa ya Nigeria, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Kwenye nyama choma za Wakenya wa Gaithersburg, huku ughaibuni, alitengewa kiti cha kivulini na maini yakiwa bado moto. Goli lake la ujanani alitusimulia kila Jumamosi, na kila Jumamosi mabeki aliowapita waliongezeka. Watu wazima, manesi na madereva, tulikaa tumeachama. Mimi ndiye niliyeachama kuliko wote.

Kiangazi hicho baba alikuja kutoka Nakuru kunitembelea. Hakuwahi kuniona nikicheza mpira hata mara moja. Utotoni mwangu alifanya kazi Mombasa na kurudi nyumbani Krismasi tu. Sasa alikuwa karibu kuondoka, nasi tulikuwa na fainali ya timu za wahamiaji. Nilimwomba kocha mapema. Akanipigapiga begani.

"Mzee atakuona uwanjani. Nakuahidi."

Siku yenyewe nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu aliponijia na jamaa nisiyemjua, mchezaji wa chuo ambaye hakusajiliwa kwetu, mrefu kunipita kichwa kizima.

"Mpe jezi na kitambulisho chako," kocha akasema. "Refa ni Mzungu. Kwake sisi sote sura moja." Akacheka. Huyo ndiye aliyetuhubiria nidhamu kila mazoezi.

Niliwatazama wenzangu. "Vua tu, bro," nahodha akaninong'oneza. "Coach ameshadecide. Hii cup lazima tubebe."

Nikavua. Refa alikitupia kitambulisho jicho moja, akakirudisha. Nikaambiwa nikakae ndani ya gari nisije nikaonekana, na nikaenda. Mtu mwenye jina lote lile, anaiba kombe la wapishi na walinzi!

Yule jamaa alifunga mawili. Kupitia kioo nilimwona baba amesimama, anapiga makofi, anarusha kofia juu. Nikajipa moyo kwamba macho yake yamechoka, kadhani ni mimi.

Mechi ilipokwisha nilimkuta kocha amemkumbatia baba, wanapigwa picha kwa kamera ya baba mwenyewe.

"Mwanao ni hatari," kocha alikuwa akimwambia, bila haya, nami nimesimama pale pale.

Tulipoingia barabara kuu ya kurudi nyumbani nilishindwa kunyamaza. "Baba, yule hakuwa mimi."

"Najua. Nitakosaje kumjua mtoto wangu?" Hakuinua macho kutoka kwenye kamera. "Lakini usigombane na mtu mkubwa kama yule. Hii picha nitaiweka sitting room, wageni waione."

Nilikanyaga mafuta. Kombe kocha na abaki nalo. Ila siku hiyo alinifanya nimwonee baba yangu kinyaa, na hilo sijamsamehe.