Ukanda wa Paa la Mzee wa Bunju

Cheka ukitaka, lakini vidole vyangu viwili havicheki. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Temeke, saa saba mchana, jua la utosi. Nani alikwambia mauzauza yanasubiri usiku?

Mimi ni fundi wa bodi za magari. Siku hiyo wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nikainama kuchukua bisibisi, nilipoinuka gari limesimama mbele yangu. Gari la michezo la zamani, milango miwili, paa lake la kubandua na kurudisha. Injini sikuisikia. Ndani mzee mmoja, vioo vimefungwa, na niamini, hakuwa na tone la jasho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akashusha kioo. "Paa linavuja. Toa kanda hizi mbili za pembeni, weka mpira mpya chini yake, halafu rudisha kanda zile zile. Zile zile, fundi."

Zilikuwa kanda nyembamba za chuma king'aavu, za kiwandani kabisa, siku hizi hazipatikani. Nikazing'oa taratibu kwa bisibisi bapa niliyoifunga kitambaa, zisipinde. Hapo ndipo shetani akanipitia. Mafundi tunajuana: kizuri cha mteja hubaki gereji. Uani kulikuwa na gari bovu lenye ukanda mmoja unaofanana na hizo. Nikagundisha mpira mpya, upande mmoja nikarudisha ukanda wake, wa pili nikabandika huo, wa mzee nikausukumia chini ya boksi la spana. Yeye alikaa humo humo, anatazama mbele tu.

"Ni zile zile?"

"Haki ya Mungu mzee, zile zile."

Akanipa mkono. Ulikuwa wa baridi kama soda iliyotoka kwenye barafu.

"Ukikumbuka vizuri, niko Bunju, nyuma ya machimbo ya mchanga."

Nikapepesa macho, hayupo, gari halipo.

Jioni kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kikafa ganzi. Kesho yake nikaubeba ukanda hadi Bunju. Unajua nilikuta nini? Gari lile lile, limeliwa na kutu, halina injini, mti umeota kwenye kiti cha dereva. Jirani akaniambia alilikuta hapo hapo alipokuja kujenga, miaka mingi nyuma. Lakini mpira wa paa ulikuwa wangu, na gundi bado inanata.

Nikang'oa ukanda wa uongo, nikaweka wa kweli. Ukapelea, ukawa mfupi kwa upana wa kidole. Ukanda uliotoka pale pale! Nikauacha juu ya paa nikaondoka. Asubuhi nikaukuta kwenye boksi langu la spana. Nilipoupeleka tena ulipelea vidole viwili, na kidole cha pili kikafa siku hiyo hiyo. Nimeombewa kanisani, nimesomewa dua, hospitali hawaoni kitu. Spana zinanidondoka, gereji nimeacha, na shati ananifunga vifungo mke wangu.

Wewe unayefungua gari la mtu leo, ukiambiwa zile zile, basi ziwe zile zile. Usitegemee kuomba radhi baadaye. Mimi nilipiga magoti kwenye nyasi za Bunju nikamwita yule mzee mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyeitika. Bunju siendi tena. Hata hivyo, tangu jana kidole cha tatu kimeanza ganzi.