Breki ya Upande wa Mwalimu

Wanafunzi wake walimwita Mama Breki. Walidhani hajui, kumbe alijua na jina lilimpendeza. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake lilikuwa na pedeli mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wake. Hiyo ya pili alifungiwa na fundi miaka mingi nyuma, pale alipokubali kwamba mume aliyeondoka kaondoka kweli, na watoto hawashibi machozi. Watu walicheka. Mwanamke atamfundisha nani kuendesha gari? Akawafundisha wao, akawafundisha wake zao, na sasa alikuwa anawafundisha watoto wao, kwa maneno yale yale: "Polepole, mwanangu. Huo ni usukani, si kamba ya mbuzi."

Gari lenyewe lilikuwa limechoka. Kutu ilianza chini ya milango kama upele, ikapanda, ikatambaa hadi kwenye matao ya magurudumu. Kila alipoona doa alipaka rangi, na kutu ikaendelea na shughuli zake chini kwa chini. Hivyo wakaishi, yeye akificha, yenyewe ikila.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, alikuwa anamfundisha mshona mapazia, mzee mpole aliyekuwa na tabia ya kuomba radhi hata kwa vitu visivyo na masikio. Aligonga ukingo wa barabara, akasema, "Samahani." Alizima injini, akasema, "Samahani." Maisha yake yote alikuwa akiendeshwa na mkewe, ila sasa macho ya mkewe yalianza kufifia, ikabidi mzee ashike usukani. Basi wakapita kwenye dimbwi. Mzee akatazama chini.

"Samahani, Mwalimu. Soksi yangu imelowa."

"Umemwaga maji?"

"Hapana. Yametoka chini."

Mama Breki aliinama kulitazama zulia. Somo lilipokwisha alikwenda moja kwa moja gereji, kwa fundi aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Redio alifunua zulia la gari huku akisimulia habari za mkwewe, akachukua bisibisi na kuchoma sakafu. Bisibisi ikazama hadi mpini.

"Mama yangu," alisema, "hapa hamna bati. Hii ni rangi, imesimama kwa mazoea tu."

"Inachomeleka?"

"Kila kitu kinachomeleka, mradi kuna pa kushikiza. Naweza kukata hapa, niweke bati jipya hapa, nikimbilie kule. Lakini leo nikiziba huku, kesho itatobokea kule. Au achana nalo, utafute jingine. Mwenye gari ni wewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomsumbua. Angeambiwa "tengeneza" angetengeneza. Angeambiwa "tupa" angegomba, kisha angetupa. Kuachiwa aamue kulimkosesha raha. Alifika nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alitoka nje kulitazama gari, akarudi ndani, akatoka tena. Alilizunguka, akaligonga kwa vidole hapa na pale kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, na kila lilipotoa sauti nzito alipata matumaini, na lilipotoa sauti ya kopo akaondoa mkono haraka.

Mdogo wake, karani mwenye jibu la kila jambo, alimkuta hapo uani.

"Dada, la kuvunda halina ubani. Nunua jingine."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," alimjibu. "Wewe hujui hili limenitoa wapi."

"Najua limekutoa wapi. Nauliza linakupeleka wapi."

Alimfukuza kwa mzaha, lakini swali lilibaki. Kesho yake akaenda kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Muuzaji, kijana aliyenukia manukato, alimfungulia gari la rangi ya fedha. Akaketi. Mlango ukajifunga kwa sauti laini, kama wa kabati la watu wenye nafasi. Kila kitu kilikuwa mahali pake na yeye ndiye pekee hakuwa mahali pake. Hakuuona mwisho wa boneti. Kwenye gari lake alijua kila kona inaishia wapi, alijua mngurumo wa kila gia. Akiwa amefumba macho angekwambia mwanafunzi amekosea nini. Humu angekuwa mwanafunzi, katika umri huu.

"Nitafikiria," alimwambia muuzaji, akatoka kama anayekimbia deni.

Akapita gereji. "Redio, chomelea." Jioni akampigia simu: "Usichomelee kwanza." Asubuhi akapita tena: "Ziba pale palipovuja tu, nimalize na huyu mzee, mtihani wake umekaribia."

Redio akaziba palipovuja.

Siku ya tatu baada ya hapo walikuwa wanashuka mteremko wa sokoni. Mshona mapazia alikuwa anaendesha vizuri kuliko siku zote, na Mama Breki akili yake haikuwa hapo. Alikuwa akisikiliza bodi ya gari ikigumia, akijiuliza kama mlio ule ni wa zamani au ni mpya. Mbele yao lori la mchanga likaanza kurudi nyuma bila kuangalia. Mguu wake ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mara elfu, ukakanyaga.

Pedeli ikashuka. Ikaendelea kushuka. Kukasikika mpasuko, na bamba la bati lililoishikilia likang'oka, kisigino chake kikatoboa sakafu, akahisi upepo wa barabara kwenye unyayo. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Lori lilikuja, bati lake la nyuma likajaa kioo chote.

Kisha gari likasimama kwa mtikisiko uliomtupa mbele. Injini ikazima. Baina yao na lori palibaki nafasi ya kupitisha mkono.

Mshona mapazia alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili na kuvuta breki ya mkono juu.

"Samahani, Mwalimu," alisema, akihema. "Nimefunga breki bila kuambiwa."

Mama Breki akacheka. Alicheka hadi mwenye lori akashuka kuuliza kuna nini, kisha kicheko kikageuka kilio, ikabidi mzee amsaidie kuutoa mguu. Kiatu kilibaki barabarani.

Gari lilivutwa hadi gereji. Redio alilala chini yake, akatazama kwa muda mrefu, akatoka akijipangusa mikono.

"Bado naweza kulichomelea," alisema. "Itachukua muda, ila..."

"Ungemweka mwanao humu ajifunze?"

Redio alifungua mdomo. Akaufunga. Watu wa gereji waliogeuka kutazama wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

"Basi," Mama Breki akasema. "Toa pedeli na vyake vyote. Mwili wapelekee wa chuma chakavu, na mimi usiniite kuangalia."

Alinunua lile gari la rangi ya fedha, Redio akalifungia pedeli ile ile ya mwalimu. Usidhani alitulia. Wiki za mwanzo alikuwa mtu wa tabu: alifunga breki pasipo na kitu, akawafokea wanafunzi kwa makosa ambayo hawakuyafanya, akapunga mkono kwa madereva ambao hawakumtambua, kisha akajifanya alikuwa anarekebisha kilemba. Gari halikunguruma, na ukimya wake ulimtia mashaka. Mshona mapazia ndiye aliyevumilia. Siku ya mtihani mwalimu alizunguka uzio wa uwanja hadi askari akamuuliza amepoteza nini. Mzee alirudi amefaulu.

Jumapili iliyofuata mzee aliazima gari la shemeji yake, akamwalika Mama Breki watembee kidogo. Mkewe alikaa mbele, miwani mizito usoni, mikono mapajani. Mwalimu akawekwa nyuma. Hakuwa na usukani wala pedeli. Mbele yake kulikuwa na visogo viwili tu. Mzee akaondoa gari.

"Badilisha gia, baba," mkewe akasema bila kugeuka. "Injini inalalamika."

Akabadilisha.

"Mbele kuna nini?"

"Mwendesha baiskeli. Nampisha."

"Vizuri."

Walikwenda hivyo mtaa kwa mtaa, mmoja akiona, mwingine akisikia. Mama Breki alitaka kusema punguza, akauma mdomo; alitaka kusema angalia kioo, mzee alikuwa ameshaangalia. Alihama upande huu wa kiti, akahamia upande ule.

"Mwalimu," mke wa mshona mapazia akasema, "hebu tulia. Unatutikisia gari."