Glasi ya Kwanza ya Havugimana

Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2023. Asubuhi mawingu yalishuka hata mlima Nyiragongo haukuonekana. Mchana ilianza mvua isiyo kali, ile inayogonga mabati polepole na kuwafanya watu watafute pa kuketi. Kwa duka la Mama Apolline, hapa kwetu mtaa wa Murara, mvua ya namna hiyo huleta wateja. Mtu anaingia kujikinga, anasikia harufu ya maharage, anabaki.

Mama Apolline ni mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Anauza mchele, sabuni, mafuta na maziwa ya unga, na ana rafu nzima ya divai nyekundu za bei nafuu, za chupa na za boksi. Zamani divai hizo zilinunuliwa kwa ajili ya ndoa na komunyo tu. Watu walizinywa pamoja na keki, wakakunja uso, wakarudi kwenye bia zao. Yeye alishikilia kwamba kosa halikuwa la divai, lilikuwa la keki. Ndiyo maana aliweka meza za plastiki nyuma ya duka, na kila Jumamosi akaanza kutoa sahani ya chakula chetu cha kila siku pamoja na glasi ndogo ya divai inayokifaa. Anayepika na kumimina ni Havugimana, na habari hii ni yake.

Havugimana ni mtu wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Huko alilima maharage. Vita vilipofika alikimbia kama wengine, akaishi chini ya hema la plastiki huko Munigi, kisha akapata chumba cha mbao Murara pamoja na mkewe Uwingabire na binti yao Niyigena. Ni mrefu, mpole, na akiongea anaangalia mikono yake. Mama Apolline alimwajiri kubeba magunia. Siku moja mpishi hakuja, Havugimana akapika maharage, na tangu hapo hakubeba gunia tena.

Divai walijifunza pamoja, yeye na mama huyo, wakifungua chupa na kujaribu kila moja na chakula kilichokuwa jikoni. Ile nyepesi waliiweka ndani ya beseni ya maji baridi wakaona inakwenda na sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwani vilivyokamuliwa ndimu. Sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, ilitaka divai yenye uchachu, ya kukata mafuta mdomoni. Ile nzito, inayokausha ulimi, ilifaa mbuzi wa kuchoma, lakini pilipili ikizidi kila kitu kiliharibika, mdomo ukawaka na divai ikawa kama dawa. Jibini ya Masisi iliituliza. Na ile ya boksi, tamu kidogo, ambayo wote wawili waliidharau walipoionja peke yake, ilikubali maharage na ndizi za kuiva kana kwamba vimekua nyumba moja.

Valentin, mwenye depo ya vinywaji aliyekuwa akimletea mama hizo divai, alikuwa amewaonyesha namna ya kuonja: unavuta kidogo, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuonja asubuhi nzima na akarudi nyumbani na akili yake. Havugimana alifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu yeye alikuwa ameapa kutokunywa.

Kiapo hicho kina historia. Siku walipokimbia Kalengera, Havugimana alikuwa amelewa kasiksi, pombe ya ndizi, katika baa moja kando ya barabara. Milio ilipoanza hakuweza hata kusimama vizuri. Uwingabire alimbeba Niyigena mgongoni, akamshika mama mkwe mkono, akaondoka bila yeye. Walikutana Munigi baadaye, kila mmoja akiwa amekwisha kuamini kwamba mwenzake amekufa. Uwingabire hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba mama yake alikuwa akigeuka nyuma njia nzima kumtafuta. Havugimana akaapa hapo hapo, mbele ya mkewe, mbele ya mama yake na mbele ya Mungu, kwamba pombe haitapita tena kwenye koo lake.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza alionja na kutema, kama alivyofundishwa, mbele ya wateja. Mgeni wake wa kwanza alikuwa Muzee Sibomana, jirani yetu, naye wa Rutshuru. Na kwa watu wa Rutshuru, anayekupa kinywaji hukionja kwanza ukiwa unamwona. Wanaiita kusogongera. Ni heshima, na pia ni usalama, kwa sababu hakuna mtu wa Kivu asiyeogopa karuho, ile sumu inayoua polepole. Muzee alimwona Havugimana akivuta divai, akiizungusha, halafu akiitema kwenye ndoo na kumpa yeye glasi hiyo hiyo. Akaiangalia glasi, akaiangalia ndoo.

“Papa Niyigena,” akasema, “kile wewe unatema, mie nikinywe?”

Meza zote zilicheka, lakini hakuna aliyekunywa. Sahani zilirudi tupu na glasi zilirudi zimejaa. Mama Apolline alijaribu kueleza mambo ya Valentin, na Muzee akamjibu kwa adabu kwamba huyo Valentin alale salama na ndoo yake. Havugimana akamimina glasi nyingine, akavuta, akameza. Muzee alimwangalia mpaka divai iliposhuka kooni.

“Sasa tunaweza kula,” akasema.

Kuanzia siku hiyo Havugimana akawa anameza. Hakuna aliyemlazimisha, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema alilazimishwa. Alijiambia kwamba ni funda moja, na kwamba funda la kazi si kunywa. Lakini kila chupa iliyofunguliwa ilikuwa na funda lake, na kila meza ya watu wa kwao ilitaka kuona. Kabla ya kurudi nyumbani alitafuna tangawizi.

Uwingabire aliisikia tangawizi hiyo, akafikiri anaitafuna kwa sababu ya kikohozi cha moshi wa jikoni. Yeye anauza nyanya kando ya barabara. Akawa anaweka kidogo pembeni, akanunua asali kwa watu wa Masisi, na kila Jumamosi jioni akampa mumewe kijiko ili kifua kifunguke. Havugimana alifungua mdomo kama mtoto. Alinisimulia haya mwenyewe baadaye, bila kujitetea, akasema kwamba divai hakuwahi kushindwa kuimeza, lakini asali ile ilikuwa inamkwama.

Basi kanisa lao, dogo la mbao, likamchagua kuwa shemasi. Katika kanisa hilo wana desturi: kabla ya mwanaume kuwekewa mikono, mkewe husimama mbele ya watu wote na kusema jinsi mumewe anavyoishi nyumbani. Anaulizwa hasa habari ya pombe. Mke akisema neno lake, hakuna mwingine anayeulizwa. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili, tarehe 17.

Juma hilo lote Uwingabire alifanya mazoezi ya maneno yake. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu. Akitwanga sombe alisema, akifua alisema, na Niyigena alikuwa anamsahihisha. Mume wangu ni Havugimana. Tangu Munigi hanywi. Mimi ninayelala naye nyumba moja ninashuhudia kwamba hanywi. Havugimana alikuwa anasikiliza upande wa pili wa ukuta wa mbao. Alitaka kumwambia Jumatatu. Alitaka kumwambia Jumatano. Kila mara alimkuta anarudia maneno yale, na uso wake una furaha aliyokuwa hajaiona tangu Kalengera.

Akapata njia nyingine ambayo kwake ilionekana nzuri: angeacha kuonja siku hiyo ya Jumamosi, ili angalau Jumapili mkewe asimame akisema kitu ambacho kimekwisha kuwa kweli. Asubuhi akamwambia Mama Apolline kwamba atapika na kumimina, lakini hataonja.

Mama hakukasirika. “Kama ni hivyo, mie nitaonja,” akasema. “Mdomo ninao.”

Mvua ikaleta watu. Chakula cha siku hiyo kilikuwa maharage ya Kalengera, yaliyochemka tangu alfajiri na kitunguu na mboga ya lenga-lenga kidogo, pamoja na ndizi za kuiva, na divai ya boksi. Mama Apolline akachukua glasi ya kwanza mbele ya meza ya Muzee Sibomana. Muzee akainua mkono kidogo.

“Mama, wewe ni mwenye kuuza,” akasema. “Mwenye kuuza anaweza kunywa hata petroli na kusema iko tamu. Mwenye kupika njo aonje.”

Benny, kijana wa pikipiki aliyekuwa amejikinga mlangoni, akadakia. “Leo Papa Niyigena anaogopa chungu yake. Ameweka nini mule?”

Watu wakacheka. Yalikuwa maneno ya mchezo, na Mama Apolline alikuwa amekwisha kuifikisha glasi mdomoni. Angeinywa, watu wangenung'unika kidogo, halafu wangekula, kwa sababu mvua ilikuwa inaendelea na maharage yalikuwa yananukia. Havugimana alilijua hilo. Hata hivyo alinyoosha mkono, akaichukua glasi kutoka mkononi mwa mama, akanywa.

Kama angeishia hapo pengine angepata la kujiambia. Lakini wateja wote walipokwisha kuhudumiwa, aliona boksi limebaki na divai. Akajipakulia maharage katika sahani, akajimiminia glasi, akaenda kuketi nyuma ya magunia ya mchele. Hapo hakuwapo mgeni wa kuonyeshwa chochote. Alikula polepole, akanywa polepole. Maharage yalikuwa yale ya shamba lake, au yalifanana nayo, na divai iliyafuata vizuri, ikayaachia utamu mpaka mwisho. Alimaliza glasi. Akajikuta anaangalia boksi kama limebaki na nyingine.

Hapo ndipo alipoacha kujidanganya kwamba ni kazi. Hakutafuta tangawizi siku hiyo. Aliosha vyombo, akavaa koti, akatoka katika matone ya mwisho ya mvua.

Nyumbani bado kulikuwa na mwanga. Uwingabire alikuwa amenyoosha kitenge chake cha kesho na kukitandika kitandani ili kisikunjike, na Niyigena alikuwa ametumwa kwa jirani kumwazimia mama yake viatu. Chupa ya asali ilikuwa tayari mezani na kijiko chake. Havugimana alisimama karibu na mlango bila kuvua koti.

“Mama Niyigena,” akasema, “kesho usiseme yale maneno.”

Uwingabire alidhani anaona haya kusifiwa. Akacheka, akachukua kijiko, akamwita aje anywe asali kwanza. Alipomkaribia, akasimama. Harufu ilimfikia. Akarudisha kijiko mezani taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala.

“Leo tu?” akauliza.

“Hapana. Kila Jumamosi.”

“Na kikohozi?”

“Sikukuwa na kikohozi.”

Uwingabire aliketi kwenye ukingo wa kitanda, pembeni ya kitenge. Havugimana akaanza kueleza habari za wageni, za kuonja kwanza, za Muzee Sibomana na ile ndoo, na Uwingabire, ambaye naye ni wa Rutshuru na anaijua desturi hiyo vizuri, alimsikiliza mpaka akamaliza.

“Ile ya wageni nimeielewa,” akasema. “Nakuuliza kitu kimoja. Ni kazi, ao unaipenda?”

“Ilianza kazi.”

“Na sasa?”

“Sasa naipenda.”

Uwingabire alitikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema kwamba mama mkwe wake alikufa Munigi akiwa amemsikia mwanawe anaapa, na kwamba yeye alishukuru kwa hilo, kwa sababu mama aliondoka ametulia. Havugimana akamwambia kwamba angeweza kukaa kimya kesho, aseme anaumwa, na yeye mwenyewe angekwenda kwa Mchungaji Mahoro na kutafuta sababu nyingine.

“Hapana,” Uwingabire akajibu. “Nimesema sana kwa watu kwamba nitasimama. Mie sitasema uongo, na sitaugua kwa sababu yako. Jina lako likiitwa, wewe mwenyewe njo usimame.”

Akakikunja kitenge, akakiweka kando ili kitanda kiwe wazi. Chupa ya asali aliifunga, akaiweka juu ya kabati.

Asubuhi ya Jumapili mvua ilikuwa imekatika na barabara ya mawe meusi ilikuwa inang'aa. Havugimana alivaa shati lake jeupe. Walikwenda kanisani wote watatu, Uwingabire mbele na mtoto, yeye nyuma kidogo. Aliketi kwenye benchi la mbele pamoja na wenzake waliochaguliwa, na mkewe akaketi na wake wa hao. Mchungaji Mahoro alipotaja jina lake, akageuka upande wa wanawake na kungoja. Uwingabire aliangalia mikono yake, hakusimama. Havugimana ndiye aliyesimama. Akasema kwamba mkewe hana cha kushuhudia, kwa sababu yeye alikuwa amemficha ukweli. Kwamba anakunywa divai kila Jumamosi mahali anapofanya kazi, na jana alikunywa bila hata kazi. Sauti yake haikufika nyuma, na watu wa nyuma wakaulizana amesema nini, hata ikabidi arudie.

Kisha akachukua Biblia yake, akaliacha benchi la mbele, akapita katikati ya watu wote mpaka mlangoni. Mabenchi ya nyuma yalikuwa yamejaa. Alisimama hapo, ameegemea ubao, wakati mke wa mtu aliyefuata alipokuwa anashuhudia, na alibaki amesimama mpaka ibada ilipokwisha.